Kitabu cha Mjomba Tom: Machozi Peke Yake Hayafungui Minyororo



Leo tunasema juu ya kitabu kimoja. Wengine watauliza: kitabu cha hadithi kina kazi gani kwetu, sisi tunaotafuta posho na haki? Ngojeni kwanza. Kitabu hiki kiliandikwa katika inchi ya Marekani na mwanamke Mzungu, jina lake Harriet Beecher Stowe. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita Kibanda cha Mjomba Tom. Wenye kusoma Kifaransa wanakijua kwa jina la La Case de l'oncle Tom. Kiliwaliza watu wengi mno. Kiliwakasirisha wenye watumwa. Na mtu mmoja mweusi alitiwa gerezani kwa sababu kilionekana nyumbani mwake. Kitabu kisicho na nguvu hakimfungishi mtu. Basi inafaa tukisome, tena tukisome vizuri, maana wengi wanalitaja jina la Tom bila kuijua habari yake.

Maoni yetu tunayasema wazi tangu mwanzo. Kitabu hiki kinafundisha mambo mawili, na mtu asichukue moja akaacha lingine. La kwanza, kinaonyesha namna ya kuamsha watu waliolala. La pili, kinaonyesha hatari ya kumwachia mtu mwingine aseme maneno yako.

KILIZALIWA NAMNA GANI

Mwaka 1850 watumwa wa Marekani walikuwa zaidi ya 3,000,000. Walilima pamba, miwa na tumbako katika majimbo ya Kusini. Kaskazini utumwa ulikuwa umekwisha, na watu wengi walikimbilia huko usiku, wakifuata nyota na mito. Wenye mashamba wakalalamika mbele ya serikali. Mwezi wa Septemba 1850 ikatoka sheria mpya: mtumwa aliyetoroka, hata akikutwa katika jimbo lisilo na utumwa, akamatwe na kurudishwa. Mwenye kumficha atalipa mpaka dola 1,000 na kukaa gerezani mpaka miezi sita. Mtoro mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi mbele ya mwamuzi. Sikilizeni neno hili pia: mwamuzi akimrudisha mtu utumwani alipata dola 10, akimwachilia alipata dola 5. Hiyo ndiyo iliitwa sheria.

Mama Stowe alizaliwa mwaka 1811, binti wa mchungaji. Alikaa miaka mingi mjini Cincinnati, kando ya mto Ohio. Ng'ambo moja ya mto ilikuwa uhuru, ng'ambo ya pili, katika jimbo la Kentucky, ilikuwa utumwa. Mwaka 1849 mtoto wake mdogo alikufa kwa kipindupindu. Baadaye alisema kwamba kaburi la mtoto yule lilimfundisha uchungu wa mama anayeuziwa mtoto wake sokoni.

Hakuanza na kitabu. Alianza na gazeti. Habari yake ilitoka sehemu kwa sehemu katika National Era, gazeti la juma la mjini Washington lililopinga utumwa, tangu tarehe 5 Juni 1851 mpaka tarehe 1 Aprili 1852. Watu walingoja gazeti kama watu wanavyongoja siku ya mshahara. Katika nyumba nyingi mmoja alisoma kwa sauti, wengine walisikiliza. Kitabu chenyewe kilitoka mjini Boston mwezi wa Machi 1852, na katika mwaka wa kwanza vitabu kama 300,000 viliuzwa Marekani. Katika Uingereza vilipita 1,000,000. Basi asiwepo mtu wa kudharau karatasi ndogo inayopita toka mkono hata mkono.

HABARI YENYEWE KWA KIFUPI

Bwana Shelby wa Kentucky si mtu mkali. Anasema na watumwa wake kwa upole. Lakini ana deni, na siku deni linapomkaba anawauza wawili: Tom, mtu mzima mwenye nguvu na mwaminifu, na Harry, mtoto mdogo wa Eliza. Eliza anasikia maneno yale mlangoni. Usiku anamchukua mtoto na kukimbia. Anavuka mto Ohio akiruka juu ya vipande vya barafu. Tom hakimbii. Anajua kwamba yeye akikosekana, wengine wote watauzwa kulipa deni.

Tom anapelekwa kusini kwa mashua ya moshi. Anununuliwa na Bwana St. Clare wa New Orleans, ambaye naye ni mpole. Tuseme hapa kwamba katika mji ule watumwa walikuwa na uwanja wao wa kukutana siku ya Mungu, kupiga ngoma na kucheza. Uwanja ule unaitwa Congo Square hata leo. Jina hilo latosha kutukumbusha kwamba wengine katika watumwa wale walitoka huku kwetu.

St. Clare anaahidi kumpa Tom uhuru. Lakini anakawia kuandika karatasi, kisha anachomwa kisu katika ugomvi na kufa. Mke wake anampeleka Tom mnadani. Mnunuzi wa sasa ni Simon Legree, mwenye shamba la pamba karibu na mto Red River. Huyu anamwamuru Tom ampige mjeledi mwanamke mgonjwa. Tom anakataa. Baadaye wanawake wawili wanatoroka, na Legree anataka Tom aseme walikojificha. Tom anajua, lakini hasemi. Anapigwa mpaka anakufa, na wale wawili wanapata uhuru wao.

Angalieni fundisho la mabwana wawili wa kwanza. Wote wawili walikuwa wapole, na wote wawili walimtupa Tom mikononi mwa Legree. Mmoja alimtupa kwa deni, mwingine kwa uvivu. Mwandishi anatuambia kwamba wema wa bwana si haki ya mtumwa. Wema unakufa siku bwana anapokufa, lakini haki iliyoandikwa katika sheria inabaki. Mfanyakazi anayesema, «Mkubwa wangu ni mtu mzuri, mimi sihitaji mkataba,» na asome habari ya St. Clare mara mbili.

FUNDI NA KAPITA

Kuna watu wengine katika kitabu hiki ambao mfanyakazi atawatambua mara moja.

Wa kwanza ni George Harris, mume wa Eliza. Bwana wake amemkodisha kwa kiwanda cha magunia. George anafanya kazi, bwana anapokea mshahara. Kwa akili yake George anatengeneza mashine ya kusafisha katani, na mwenye kiwanda anamsifu. Je, bwana wake anafurahi? Hapana. Anaona aibu kwamba mtumwa amemzidi akili. Anamtoa kiwandani na kumrudisha shambani kufanya kazi ya chini kabisa. Wangapi kati yetu, au kati ya baba zetu, walifundisha kazi mtu mgeni aliyekuja juzi, kisha wakaona mgeni yule anawekwa juu yao kwa mshahara mara nyingi zaidi?

Wengine ni Sambo na Quimbo, watu weusi wawili ambao Legree amewaweka kuwasimamia watumwa wa shamba. Ni kapita wake. Legree anawachochea wachukiane wao kwa wao, na watumwa wa shamba wanawachukia wote wawili. Hivyo kila mmoja anampelekea Legree habari za mwenzake, na Legree anakaa salama. Hao wawili ndio wanaompiga Tom mpaka mwisho. Lakini wanapomwona anakufa bila kumtaja mtu, mioyo yao inavunjika, nao wanalia.

Tunaomba kila kapita, kila karani na kila msimamizi asome sura ile. Hatuwatukani. Kapita naye ana watoto wa kulisha. Lakini ajue mjeledi ni wa nani, na ajue ya kwamba ugomvi wake na mwenzake ndio ukuta wa nyumba ya bwana.

Tena kuna neno la St. Clare ambalo wengi wanalipita haraka. Anamtaja ndugu yake Alfred, mwenye watumwa, anayesema kwamba yeye anafanya kwa watumwa wake mambo yale yale ambayo matajiri wa Uingereza wanafanya kwa wafanyakazi wao maskini, ila kwa namna nyingine. Alfred analisema kujitetea. Lakini mfanyakazi akilisikia atajua kwamba mnyororo una namna nyingi, na mwingine hauonekani kwa macho.

KAZI ILIYOFANYWA NA KITABU

Wenye watumwa hawakunyamaza. Waandishi wao walitoa hadithi nyingine za kusema kwamba watumwa wanakaa kwa furaha. Walidai pia kwamba Mama Stowe amesema uongo. Naye mwaka 1853 akatoa kitabu cha pili chenye ushahidi: maneno ya mahakama, matangazo ya kuuza watu, habari za watu waliookoka. Mmoja aliyetajwa humo ni Josiah Henson, aliyetoroka toka Kentucky mwaka 1830 mpaka Kanada na kuandikisha maisha yake mwaka 1849. Mtu akikuambia, «Unasema uongo,» leta ushahidi, usilete matusi.

Katika Uingereza wanawake zaidi ya 500,000 walitia sahihi katika barua ya kuwaomba dada zao wa Marekani waondoe utumwa. Sahihi zile zilijaza vitabu vikubwa 26.

Lakini malipo makubwa yalitoka kwa mtu mweusi. Samuel Green alikuwa mhubiri wa jimbo la Maryland, mtu huru, si mtumwa. Mwaka 1857 askari walipekua nyumba yake na kuona kitabu hiki. Sheria ya Maryland ilikataza mtu mweusi kuwa na maandishi yanayoweza kuwachochea watumwa. Alihukumiwa miaka kumi. Alikaa gerezani kama miaka mitano, akaachiliwa mwaka 1862 kwa sharti aondoke katika jimbo lake. Mama Stowe aliandika akapata jina na mali. Samuel Green alisoma akapata gereza. Tunamheshimu mwandishi, lakini vijana wetu wajue jina la Samuel Green pia.

Watu wanasimulia kwamba Rais Lincoln alipomwona Mama Stowe mwaka 1862 alimwambia ndiye mwanamke mdogo aliyeleta vita vikubwa. Ni masimulizi matamu, lakini yalichapishwa miaka mingi baadaye, na hakuna maandishi ya siku ile yanayoyathibitisha. Sisi tunasema kitabu hakikuleta uhuru. Kitabu kiliwatayarisha watu wa Kaskazini kuona aibu. Minyororo ilivunjwa na miguu ya waliotoroka, na vita vya mwaka 1861 mpaka 1865, ambamo watu weusi kama 180,000 walivaa nguo za askari wa Kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1865 sheria kuu ya inchi ikabadilishwa na utumwa ukakatazwa. Machozi yalifungua macho, lakini mlango ulifunguliwa na mikono.

Tusiwasahau wafanyakazi wa Manchester. Viwanda vyao vya nguo vilitegemea pamba ya Kusini. Vita vikaizuia pamba, nao wakakosa kazi, njaa ikaingia majumbani. Hata hivyo tarehe 31 Desemba 1862 walikutana na kumwandikia Lincoln kwamba wako upande wa kuondoa utumwa. Naye akawajibu. Hao hawakulia juu ya kitabu tu. Walilipa kwa tumbo lao.

JINA LA TOM LILIGEUZWA

Kwa nini basi leo mtu mweusi akiitwa «Mjomba Tom» anaona ametukanwa? Kwanza, jina lenyewe. Wazungu wa Kusini hawakutaka kumwita mzee mweusi «Bwana». Wakamwita «mjomba», bila udugu wowote. Kwetu mjomba ni mtu wa heshima, anaitwa penye mahari na penye kesi. Kule neno lilitumiwa kumnyima heshima. Sisi tunalijua jambo hilo: katika Kongo ya wakoloni mzee mwenye mvi aliitwa boyi, na tarehe 30 Juni 1960 Patrice Lumumba alikumbusha mbele ya mfalme namna mtu mweusi alivyosemeshwa kama mtoto.

Pili, hadithi ilichukuliwa na wenye michezo. Waliionyesha miji yote ya Marekani kwa miaka mingi, mara nyingi Wazungu waliojipaka masizi usoni. Tom mwenye nguvu, aliyekufa kwa kukataa kuwataja wenzake, wakamfanya mzee dhaifu anayechekea mabwana. Watu wengi waliona mchezo, hawakusoma kitabu. Mtu aliyekataa kuwa mpelelezi akageuzwa jina la wapelelezi!

Hata hivyo hatusemi kitabu hakina kosa. Martin Delany, mtu mweusi mwenye elimu, alisema mwaka 1853 kwamba mwandishi huyu hawajui watu weusi, na kwamba wasikilizwe wenyewe. Mwenzake Frederick Douglass alikisifu kitabu kwa kazi yake. Wote wawili walipigania uhuru, na wote wawili walikuwa na sababu. Mwishoni mwa kitabu George Harris na jamaa yake wanapelekwa Liberia, kama kwamba mtu mweusi huru hana mahali katika inchi aliyoijenga kwa jasho lake. Mwaka 1949 mwandishi mweusi James Baldwin alikikosoa kwa ukali, akisema machozi mengi yanaweza kumficha mtu mwenyewe.

Harriet Jacobs alijua jambo hilo mapema. Alikuwa mtumwa aliyetoroka. Alimwomba Mama Stowe msaada wa kuandika maisha yake. Mama Stowe akataka kuyaweka katika kitabu chake mwenyewe cha ushahidi. Jacobs akakataa. Akaandika kwa mkono wake, usiku baada ya kazi za nyumba ya watu, na mwaka 1861 kitabu chake kikatoka. Huyo ndiye mwalimu wetu.

HURUMA ILIYOFANYWA MLANGO

Sisi watu wa Kongo tuna sababu yetu ya kuwa macho. Biashara ya watu ilikuwako hapa kweli. Wazee wanajua habari za Tippu Tip katika mashariki na za M'siri wa Bunkeya, aliyetoa pembe, shaba na watu kupata bunduki. Hatuwezi kulificha. Lakini nani alikuja kusema atatuokoa? Ni Léopold II. Mwaka 1889 na 1890 aliwakusanya wakubwa wa dunia mjini Brussels kujadili namna ya kumaliza utumwa katika Afrika. Watu wema wa Ulaya, waliolia juu ya Mjomba Tom, wakapiga makofi. Nyuma ya makofi yale ikaja kazi ya mpira, wanawake waliofungwa mpaka waume walete mizigo, na mikono iliyokatwa.

Mmoja wa kwanza kupiga kelele alikuwa mtu mweusi wa Marekani, George Washington Williams. Akiwa kijana wa miaka 14 alikuwa ameingia askari wa Kaskazini katika vita vile vya utumwa. Mwaka 1890 alifika Kongo, akaona kwa macho, akamwandikia Léopold barua wazi toka Stanley Falls. Alisema serikali yake yenyewe inanunua na kuuza watu. Alikufa mwaka 1891, kabla dunia haijamsikia.

Leo kobalti ya simu na ya magari ya umeme sehemu kubwa inatoka katika udongo wa Kongo. Watu wa mbali wanaona picha ya mtoto katika shimo, wanalia, kisha wananunua simu mpya. Hatukatai machozi yao. Tunauliza tu: nani anaandika maneno chini ya picha?

TUFANYE NINI

Kwanza, mwenye kitabu hiki akipitishe. Mwenye kujua kusoma asome kwa sauti jioni, wengine wasikilize na kubishana.

Pili, tusitupiane jina la Tom katika ugomvi wa kazi. Anayewataja wenzake kwa wakubwa mwiteni Sambo, na mwambieni pia kwamba Sambo alilia na akageuka.

Tatu, tuandike wenyewe. Andika siku uliyoshuka shimoni, saa ulizofanya, franka ulizokatwa, jina la mwenzako aliyeumia. Andika kwa Kiswahili chako, hata kama mkono unatetemeka. Wasioandika wataandikiwa, na wanaoandikiwa hawachagui namna watakavyoonekana.

Kalamu na iende kazini pamoja na nyundo.